Koroboi Kwenye Tangi la Makaa

Siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo mawili matatu kuhusu kazi. Najua mlitarajia ukurasa mmoja wa nasaha na picha yangu nikiwa nimeshika cheti. Mambo ya mshahara na vyeo nayaacha, kwa sababu hayakunishangaza hata siku moja. Nitaandika yaliyonishtua, na katika miaka yangu yote ya kuchuja maji hakuna kilichonishtua kama kiwanda kidogo nilichoanzia kazi pale Kilifi, miaka ya themanini. Kimeshafungwa, na sidhani kama kuna hata mmoja wenu aliyewahi kukisikia.

Mimi ni mtu wa Machakos, na nazi nilikuwa nikiiona kwenye vitabu vya shule tu. Barua ya kazi ilisema nimeajiriwa msaidizi wa maabara katika kiwanda cha makaa. Nikamwambia mama nimesoma kemia yote ile ili nikauze makaa ya jiko. Nilivuka feri pamoja na lori lililobeba vifuu vitupu, yale maganda magumu yanayobaki nazi ikishakunwa au ikishakaushwa mbata. Nilijiuliza ni mwendawazimu gani anayesafirisha takataka kwa lori. Lori likaenda mbele yangu mpaka langoni kwa mwajiri wangu.

Langoni alikuwepo mwanamke mmoja na birika kubwa la chai na beseni la mahamri. Huyo ni Rosa, mke wa Stefano, mchomeleaji wetu wa vyuma. Wote wawili walitoka Kakamega. Rosa aliniangalia blauzi yangu nyeupe kuanzia kola mpaka mikono, akasema, "Dada, hiyo uiage leo." Aliona mbali. Mwenye kiwanda, Bwana Kanji, mzaliwa wa Mombasa, ndiye mtu pekee niliyemwona akiingia mle na shati jeupe asubuhi na kutoka nalo jeupe jioni, na mpaka leo sijui alifanyaje.

Bwana Kanji alinikabidhi kwa Mzee Karisa, mkuu wa tanuru. Mzee alikuwa Mgiriama wa upande wa Ganze, mwembamba, nyusi zimeungua zote mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Waitwaje?"

"Mwende."

"Haya, Mwende. Ramba hili."

Alikuwa amenipa kipande cha kaa jeusi. Nikajua ndiyo yale mambo ya kumchezea mgeni, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. Nikaramba. Kaa likanasa ulimini, nikawa nalivuta na ulimi unakuja nalo.

"Limeshika?"

Nikaitikia kwa kichwa, maana kusema sikuweza.

"Basi limeiva. La jikoni kwenu halishiki."

Kisha akachukua glasi ya maji yenye rangi ya buluu, nzito kama wino, akatia vijiko viwili vya unga wa makaa yale, akatikisa, akachuja kwa kitambaa. Maji yalitoka meupe. Niliinama nikachungulia chini ya meza kutafuta yalikofichwa ya buluu. Mzee alicheka mpaka akakaa. Nilikuwa na cheti cha kemia mkobani na nilihisi sijui kitu.

Vitabuni huitwa makaa amilifu. Sisi tuliyaita makaa ya kuchujia. Vifuu vilichomwa kwanza ndani ya mapipa yenye hewa kidogo sana, mpaka moshi mzito mweupe uwe mwepesi na mwishowe usionekane. Ukiangusha kipande sakafuni kililia kama kigae cha chupa. Hayo yalipondwa, yakachekechwa, yakaingizwa kwenye tanuru mpaka yakawa mekundu, ndipo yakapitishiwa mvuke wa maji. Mvuke ule uliyatafuna kwa ndani na kuacha vitundu vingi mno, vidogo hata jicho halivioni, na humo ndimo uchafu wa maji hunaswa. Mzee Karisa hakuwa na kipimo cha joto alichokiamini. Alichungulia kwa kipande cha kioo cha buluu akasema, "Bado," au, "Toa," na mimi nikapima maabara nikakuta yuko sawa. Iliniudhi sana miezi ya mwanzo.

Nikiwa na wiki ya tatu niligundua kwamba makaa yanayotoka tanurini hayafiki nusu ya yale yaliyoingia. Nikaenda mbio kwa Bwana Kanji kumwambia kiwandani mna wezi, tena wanaiba mchana. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kaikunja. "Mwizi namjua," akasema. "Ni mvuke. Nenda kamkamate." Habari ile ilinitangulia kufika tanurini, na kwa muda mrefu Stefano aliniita Bi Polisi.

Stefano alikuwa mtu wa utani, na zaidi alimtania Mzee Karisa. Kabla ya kiwanda Mzee alikuwa mchimba visima, na alikuwa na desturi zake mbili alizokuja nazo. Haingii shimo lolote bila kutanguliza koroboi, ile taa ya bati ya mafuta ya taa, ikining'inia kwenye uzi. Ikizimika huko chini, haingii. Na haingii bila kamba kiunoni, ncha ya pili mikononi mwa mtu anayemwamini. Alifanya hivyo hata kwenye shimo la majivu lililomfika kifuani. Stefano alikuwa akimwuliza, "Mzee, leo unapelekwa machungani au unapelekwa sokoni?" Mzee humjibu, "Shika kamba, mtoto wa watu, maneno baadaye." Na Stefano alishika. Hakukuwa na mtu aliyemwamini zaidi yake.

Sasa nifike mahali pangu. Jioni moja mtu alitupa kichungi cha sigara karibu na ghala, na magunia ya makaa yakaungua kwa ndani siku mbili bila ndimi za moto, tukiyamwagia maji na kukohoa. Bwana Kanji akanifanya msimamizi wa mambo ya moto. Niliipenda kazi ile kuliko ilivyofaa. Niliandika mabango kwa mkono wangu, MOTO MARUFUKU, nikayatundika hata chooni. Nilipekua mifuko ya wavuta sigara langoni. Jiko la Rosa nilililazimisha kuvuka barabara, na akawa analeta birika kwa miguu huku akinitukana kwa Kiluhya, nami nikijifanya sielewi.

Tulikuwa na tangi la chuma la kuoshea makaa, refu kama watu wawili kusimamiana, lenye mlango wa duara juu yake. Makaa mapya yalimwagwa humo, yakaoshwa majivu, kisha maji yakatolewa kwa chini. Msimu ule wa mvua pampu ya kuyanyonya makaa tangini iliharibika makaa yakiwa yameshaoshwa na maji yameshatoka. Tukafunga mlango mvua isiingie, tukasubiri pampu siku nne. Iliporudi tukakuta tundu la chini limeziba. Ilibidi mtu aingie na beleshi, azibue kwa ndani.

Ilikuwa asubuhi ya jua zuri, baada ya chai. Mzee Karisa alipanda juu ya tangi, akafungua mlango, akatoa koroboi yake kwenye kikapu na kuiwasha. Mimi nilikuwa chini ya bango langu mwenyewe. Nilipanda ngazi kwa hasira.

"Mzee, moto hapa hapana."

"Si moto, mwanangu. Ni taa."

"Taa ni moto. Makaa yote haya yakishika tutasema nini?"

"Yamelowa haya. Hayashiki upesi. Nataka nijue hewa ya humu."

Hapo ndipo nilipomjibu kwa sauti ya darasani, watu wote wakisikia. "Mzee, haya ndiyo makaa yanayosafisha. Kazi yake ni kusafisha. Humo ndani kuna hewa safi kuliko hii tunayovuta hapa nje."

Alinitazama. Aliamini kazi ya maabara, hilo ni lazima niliseme. Kila nilichopima alikichukua kama kilivyo. Koroboi alikuwa ameishika kati yetu. Niliinama nikaipuliza, ikazimika. Mzee aliiweka pembeni, akajifunga kamba kiunoni, akamrushia Stefano ncha.

Alishuka ngazi ya ndani. Nilisikia beleshi likikwangua mara mbili. Nilichungulia, nikamwona anakaa chini taratibu juu ya makaa, kama mtu aliyechoka, na kichwa kikaangukia kifuani. Hakukohoa. Hapakuwa na moshi wala harufu yoyote, na jua lilikuwa linaingia mlangoni na kumulika upara wake. Ninyi mnaofanya kazi hii mjue kwamba hivyo ndivyo hatari hii inavyoonekana. Mimi nilidhani anapumzika.

"Mzee kalala!" Stefano akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mzee! Mzee Karisa!" Kamba alikuwa nayo mkononi. Angeweza kuivuta. Badala yake alinitupia mimi, akapita mbavuni mwangu akaingia, maana aliyekuwa chini alikuwa kama baba yake, na mtu hamvuti baba yake kwa kamba kama ndoo. Alifika chini. Alimshika Mzee kwapani, akainua uso wake akaniangalia, mdomo uko wazi kama anayetaka kuniuliza kitu. Kisha akaanguka kwa ubavu.

Nilipiga kelele. Watu walikuja, tukavuta kamba ile wanne, na Mzee akatoka akiwa mzito na wa rangi ya majivu. Stefano hakuwa na kamba. Nilitia mguu kwenye ngazi ya ndani niende kumchukua. Sikufikiri chochote. Bwana Kanji, mzee mfupi mwenye ugonjwa wa moyo, alinishika nywele zangu akanivuta nyuma. "Wawili wanatosha!" alipiga kelele. "Leteni feni ya tanuru! Leteni feni!"

Feni ililetwa, bomba likapelekwa tangini, hewa ikapulizwa. Mtu alifungwa kamba akaingia, akamtoa Stefano. Ilichukua muda ambao sikuwahi kuuliza ulikuwa dakika ngapi. Mzee Karisa, aliyelazwa mchangani, alivuta pumzi moja kubwa na kuanza kutapika. Stefano tulimlaza kando yake, tukambana kifua, tukampulizia, tukamwita. Rosa alikuwa amesikia kelele akavuka barabara na birika mkononi. Aliliweka chini vizuri, lisimwagike, ndipo akapiga magoti. Picha hiyo haijanitoka.

Wiki ile hakuna aliyeelewa kitu. Walisema tangi lina jini, na mlinzi mmoja akaacha kazi. Waliokuja kukagua waliuliza kulikuwa na gesi gani, tukasema hakuna gesi. Moshi gani, hakuna moshi. Mwisho alikuja mkemia mmoja mtu mzima, akaniuliza mimi, msomi wa kiwanda, kama najua makaa mapya yakilowa hufanya nini. Nikasema yananasa uchafu. "Na yakikosa uchafu?" akauliza. Akanieleza kwamba makaa mapya yaliyolowa, yakifungiwa mahali, hunasa oksijeni, ile sehemu ya hewa tunayoishi kwayo. Siku nne zilitosha. Kila siku nilikuwa napima uwezo wa makaa yale wa kunywa, naandika daftarini, najisifu. Sikuwahi kujiuliza yanakunywa nini yakiachwa peke yake na hewa.

Mzee Karisa alirudi kazini baada ya wiki kadhaa. Tangi lilikuwa bado limefungwa kwa amri, makaa yamo. Tulipopewa ruhusa ya kulifungua aliniita juu, akaniwekea koroboi mkononi, imewashwa, na uzi wake. "Teremsha wewe," akasema. Niliiteremsha. Haikufika hata nusu. Mwali ulipungua, ukawa kidoa chekundu, ukapotea. Niliipandisha, akaiwasha tena, nikateremsha tena, ikazimika tena. Mara ya tatu bati likawa linagonga ukuta wa tangi. Alinipokonya uzi. "Yatosha," akasema. "Nilitaka uione mara moja tu."

Kwenye uchunguzi waliuliza swali moja lililonifanya nishike kiti. Walimwuliza Mzee: wewe ni mchimba visima, una desturi ya kupima kwa taa, siku ile mbona hukupima? Mzee akajibu, "Nilisahau koroboi nyumbani." Waliokuwapo tangini siku ile walikuwa wamesikia nilivyomkatalia, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi pia sikufungua. Ikaandikwa kwamba taa ilisahaulika nyumbani, na kwamba marehemu Stefano aliingia kwa haraka, bila kamba na bila kuagizwa. Yote mawili yakapigwa muhuri.

Miaka mingi baadaye, kabla Mzee hajafariki, nilimwendea Ganze nikamwuliza kwa nini alisema vile. "Wewe ulikuwa na kazi mbele yako," akasema. "Mimi yangu ilikuwa imekwisha." Nikalia. Akaniletea maji ya kunywa, akayachungulia kwanza kwenye mwanga, kwa mazoea.

Ya kazi ni haya, myashike. Hakuna tangi la makaa lililo salama kwa sababu linaonekana safi. Pimeni hewa kila mnapofungua, kwa kile kipimo mnachopenda kukisahau ndani ya gari. Kamba ifungwe kabla ya mguu kuingia. Mwenzako akianguka, vuta, usimfuate. Na akitokea mtu asiye na cheti akakwambia subiri kidogo nipime kwa njia yangu, subiri.

Lakini hizi kurasa nilishindwa kuwapa ninyi kwanza. Siku ya mazishi Rosa alikuwa ameniuliza, "Mwende, kwani hamkuwa na njia ya kujua?" Nikamwambia hapakuwa na njia. Hakurudia kuuliza. Sasa anakaa hapa Malindi, eneo la Barani, mitaa miwili kutoka kwangu, na kwa miaka yote hiyo tumekuwa tukipelekeana chapati na kusalimiana kanisani. Juzi nilimpelekea kurasa hizi. Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo nilimsomea, kuanzia blauzi nyeupe. Alicheka pale pa Bi Polisi. Nilipofika juu ya tangi hakucheka tena.

Nilipomaliza alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya leso yake.

"Taa ilikuwa imewaka?"

"Ilikuwa imewaka."

"Na wewe ukaizima."

"Nikaizima mimi, Rosa. Nikaipuliza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kofi. Alikuwa haniangalii mimi. Aliangalia ukutani, kwenye picha ya Stefano akiwa na miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, anacheka.

"Mimi nimekaa miaka yote hii nikimlaumu yeye," akasema. "Kiherehere chake. Nikisali namwombea, nikiamka namlaumu. Namwambia, Stefano, nani alikutuma? Watoto nao nimewalea nikiwaambia, msiwe na haraka kama baba yenu."

Alisimama kwa shida, akanifungulia mlango.

"Nenda nyumbani, Mwende," akasema. "Yako tutayazungumza kesho. Kwanza nina mtu wa kumwomba radhi."